Mtoto wa Nani? Safari ya Tamthilia ya "Duara la Chaki la Kaukazi" Nje ya Ujerumani

Waswahili husema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Waswahili haohao husema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Methali hizi mbili hazipatani, na kila moja ina watu wake. Ukitaka kuona zikigombana mbele ya hakimu, soma tamthilia ya Bertolt Brecht ambayo katika insha hii nitaiita "Duara la Chaki la Kaukazi". Iliandikwa kwa Kijerumani mwaka 1944. Lakini historia yake jukwaani ina jambo la ajabu: tamthilia hii haikuanza maisha yake kwa Kijerumani. Ilianza kwa tafsiri, ugenini, na waliocheza mara ya kwanza walikuwa wanafunzi.

Katika insha hii nitaeleza kwanza kisa chenyewe na kilikotoka, kisha safari yake katika nchi kadhaa, na mwisho nitauliza swali ambalo sisi wanaojifunza Kiswahili kutoka nchi jirani tunaulizwa mara nyingi: kitu ambacho hukukizaa, je, kinaweza kuwa chako?

Kisa kwa ufupi ni hiki. Katika mji mmoja wa Georgia, nchi iliyo kwenye milima ya Kaukazi, yanatokea mapinduzi siku ya Pasaka. Gavana anakatwa kichwa. Mke wake, Natella Abashvili, anakimbia, lakini anashughulikia sana nguo zake hata anamsahau mtoto wake mchanga, Michael. Mtumishi wa jikoni aitwaye Grusha anamwokota mtoto huyo. Anavuka naye milima, anapita juu ya daraja bovu, anamnunulia maziwa kwa bei ya kuumiza, na hata anakubali kuolewa na mwanamume asiyempenda ili mtoto apate jina na hati. Vita vikiisha, mke wa gavana anamtaka mtoto wake, kwa sababu bila mtoto hapati urithi. Kesi inafika kwa Azdak, karani wa kijiji, mlevi na mpenda rushwa, ambaye askari walimpa kiti cha hakimu wakati wa vurugu. Azdak anaamuru duara lichorwe chini kwa chaki, mtoto awekwe katikati, na wanawake wawili wamvute kila mmoja upande wake. Grusha anamwachia. Wanarudia, anamwachia tena, kwa maana hataki kumrarua. Azdak anaamua kwamba Grusha ndiye mama.

Msomaji atakumbuka hukumu ya mfalme Suleimani katika Biblia. Lakini kuna tofauti kubwa. Kwa Suleimani, anayeonyesha huruma ni mama mzazi, na mtoto anarudi kwa aliyemzaa. Ndivyo ilivyo pia katika tamthilia ya zamani ya China inayotajwa kuwa ni ya Li Xingdao, iliyotungwa wakati wa utawala wa Yuan, ambamo duara la chaki linaonekana. Tamthilia hiyo ya Kichina ilitafsiriwa kwa Kifaransa na Stanislas Julien mwaka 1832. Mwaka 1925 mwandishi Mjerumani aliyejiita Klabund aliitungia upya kwa Kijerumani, na ikapendwa sana mjini Berlin. Brecht alikijua kisa hicho, akakigeuza. Kwake, damu inashindwa na ulezi. Kwa hiyo hata kabla hatujafika kwenye tafsiri za Brecht, tunaona kwamba mzizi wenyewe ulikwisha kuhama kutoka Kichina hadi Kifaransa na Kijerumani, na kila mlezi alimvisha mtoto nguo zake.

Sasa tuangalie ilivyozaliwa. Brecht aliondoka Ujerumani mwezi Februari 1933, siku moja baada ya jengo la Bunge kuchomwa moto mjini Berlin, kwa kuwa Wanazi walikuwa wamekwisha kushika serikali. Alikaa Denmark, Uswidi na Ufini, na mwaka 1941 akafika California, Marekani, pamoja na familia yake. Huko Santa Monica aliishi kama wakimbizi wengi wasomi wanavyoishi: anajulikana kwao, hajulikani alipo. Mwigizaji Luise Rainer, ambaye alikuwa ameshinda tuzo ya Oscar mara mbili, alivutiwa na kisa cha duara la chaki, na kwa njia hiyo Brecht akapata mkataba wa kuandika tamthilia kwa ajili ya Broadway, yaani majumba makubwa ya maonyesho ya New York. Aliiandika akisaidiwa na Ruth Berlau, raia wa Denmark. Lakini Brecht na Rainer hawakuelewana, na onyesho la Broadway halikufanyika. Tamthilia ikabaki kwenye karatasi.

Halafu siasa zikaingia. Tarehe 30 Oktoba 1947 Brecht aliitwa Washington mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikiwasaka Wakomunisti. Alijibu kwamba hakuwahi kuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti. Kesho yake alipanda ndege kurudi Ulaya. Aliuacha nyuma mtoto huyu ambaye alikuwa bado hajaonekana na mtu jukwaani.

Aliyemwokota ni Eric Bentley, mwalimu na mhakiki aliyezaliwa Uingereza na kuhamia Marekani. Yeye na Maja Bentley walitafsiri tamthilia hii kwa Kiingereza. Tarehe 4 Mei 1948 ilichezwa kwa mara ya kwanza duniani katika Chuo cha Carleton, kwenye mji mdogo wa Northfield, jimbo la Minnesota. Mwelekezi alikuwa Henry Goodman, na waigizaji walikuwa wanafunzi. Mwandishi hakuwepo. Alikuwa Uswisi, upande wa pili wa bahari. Mwaka huohuo Bentley mwenyewe aliielekeza katika jumba dogo la Hedgerow, karibu na Philadelphia. Basi, tamthilia ya mwandishi mkubwa wa Ujerumani wa karne ya 20 ilisikika kwanza kwa lugha ya kigeni, mdomoni mwa vijana wa chuo ambao pengine siku iliyofuata walikuwa na mtihani.

Hapa sharti tuseme pia upande mwingine, ili tusiwasifu walezi kupita kiasi. Tamthilia ya Brecht inaanza na utangulizi. Ni baada ya majeshi ya Hitler kufukuzwa kutoka Kaukazi. Vijiji viwili vya ushirika vya Kisovyeti vinagombea bonde moja. Wafugaji wa mbuzi wanasema bonde ni lao tangu zamani. Wakulima wa matunda wanasema wamechora mpango wa kulimwagilia maji. Wanajadiliana bila kupigana, na bonde linapewa wakulima. Kisha ndipo kisa cha Grusha kinachezwa mbele yao, kama mfano wa hukumu ileile: kitu kiwe cha wale watakaokitunza vizuri. Mwisho wa tamthilia unaurudia mwanzo huo, kwa hiyo utangulizi si pambo.

Lakini kitabu cha kwanza cha tafsiri ya Bentley, kilichotoka mwaka 1948, kilikuwa hakina utangulizi huo. Katika Marekani ya wakati ule, kuwaonyesha Wasovyeti wakiamua jambo kwa busara kulikuwa hatari kwa mwandishi na kwa watakaocheza. Tunaweza kuelewa sababu. Hata hivyo ni lazima tukubali kwamba mtoto alivushwa mpaka akiwa amekatwa kidole. Watazamaji wengi wa Marekani kwa miaka mingi waliona hadithi nzuri ya mama na mtoto, wala hawakujua kwamba mwandishi alikuwa anazungumzia pia ardhi na maji, na nani anastahili kuvimiliki. Mlezi naye anaweza kumvuta mtoto kwa nguvu, hata kama anafanya hivyo kwa kumlinda.

Kwa Kijerumani tamthilia ilichapishwa mwaka 1949 katika jarida la Sinn und Form, na mjini Berlin ilichezwa tarehe 7 Oktoba 1954, miaka 6 baada ya Northfield. Brecht mwenyewe aliielekeza na kundi lake la Berliner Ensemble katika Berlin ya Mashariki. Angelika Hurwicz alikuwa Grusha, Ernst Busch alikuwa Azdak, na Helene Weigel, mke wa Brecht, alicheza mke wa gavana. Muziki ulitungwa na Paul Dessau. Matajiri walivaa vinyago vigumu, na maskini walionekana kwa nyuso zao. Kwa maana nyingine, mzazi alimpokea mtoto akiwa amekwisha kujifunza kutembea kwa watu wengine.

Kutoka Berlin, kundi hilo lilisafiri. Mwezi Juni 1955 lilicheza Paris. Mwezi Agosti 1956 lilijiandaa kwenda London. Kabla ya safari Brecht aliwaandikia waigizaji wake tangazo fupi. Aliwakumbusha kwamba Waingereza wengi hawajui Kijerumani, na kwamba wanaiogopa sanaa ya Wajerumani wakidhani ni nzito na ya kuchosha. Kwa hiyo wacheze kwa wepesi na haraka, lakini kwa nguvu. Tarehe 14 Agosti 1956 Brecht alifariki. Siku 13 baadaye, tarehe 27, kundi lilifungua maonyesho yake katika jumba la Palace mjini London bila yeye. Watazamaji hawakuelewa maneno, lakini waliona daraja, waliona duara, waliona mwanamke akifungua mikono yake. Maonyesho hayo yaliacha alama kubwa kwa watu wa tamthilia wa Uingereza.

Baadaye Waingereza walitaka kumlea mtoto huyu kwa lugha yao. Mwaka 1962 William Gaskill aliielekeza London kwa ajili ya Royal Shakespeare Company. Kulikuwa pia na tafsiri nyingine iliyofanywa na James na Tania Stern pamoja na mshairi W. H. Auden, aliyeshughulikia nyimbo. Mwaka 1997 Simon McBurney na kundi la Complicite waliicheza katika Jumba la Taifa la Maonyesho la London kwa tafsiri mpya ya Frank McGuinness, mwandishi kutoka Ireland. Juliet Stevenson alikuwa Grusha, na McBurney mwenyewe alikuwa Azdak. Jambo la kujifunza hapa ni kwamba maandishi ya Kijerumani yamebaki yaleyale, lakini tafsiri inazeeka na kuzaliwa upya. Kila kizazi kinadai tafsiri yake, kama vile kila mtoto anavyodai kushonewa nguo mpya mwaka ukianza.

Katika India, safari ilikuwa ya namna nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwelekezi Vijaya Mehta alishirikiana na Fritz Bennewitz, mwelekezi kutoka Weimar katika Ujerumani Mashariki, kuicheza tamthilia hii kwa Kimarathi, lugha ya watu wa Maharashtra. Jina lake lilikuwa "Ajab Nyay Vartulacha", na mfasiri alikuwa C. T. Khanolkar, mshairi na mwandishi wa tamthilia. Hawakuiga jukwaa la Berlin. Walitumia nyimbo, ngoma na mitindo ya maigizo ya vijijini ambayo watazamaji wao waliifahamu tangu utotoni. Onyesho hilo lilipelekwa mpaka Ujerumani Mashariki. Wajerumani wakakaa kitini kumtazama mtoto wao akizungumza Kimarathi.

Lakini onyesho linalonigusa zaidi ni la Tbilisi, mji mkuu wa Georgia. Mwaka 1975 Robert Sturua aliielekeza katika Jumba la Rustaveli kwa lugha ya Kigeorgia. Fikiria hali ilivyokuwa. Mjerumani aliyekaa California alikuwa ameandika kuhusu Georgia. Majina yake yalichanganyika: Grusha si jina la Kigeorgia bali lina sauti ya Kirusi, Vachnadze, jina la ukoo alilompa mtumishi huyo wa jikoni, ni la ukoo wa kitawala, na Nukha, mji anaotajwa Azdak kuwa hakimu wake, uko Azerbaijan. Mgeorgia angeweza kucheka na kusema, "Hii si nchi yetu, mwandishi huyu hatujui." Sturua hakufanya hivyo. Aliichukua kama yao. Aliweka pembeni muziki wa Dessau na kumpa kazi Giya Kancheli, mtungaji wa Georgia. Ramaz Chkhikvadze alimcheza Azdak kama mtu ambaye watazamaji wangeweza kukutana naye sokoni asubuhi: mjanja, mwoga, mwenye maneno mengi, na katikati ya uchafu wake wote ana haki. Onyesho hilo lilizunguka nchi nyingi na kulipatia jumba la Rustaveli sifa duniani. Nchi iliyotumiwa kama jina tu kwenye karatasi ikaipa tamthilia mwili.

Je, Afrika Mashariki ina uhusiano wowote na mambo haya? Upo. Kwetu Uganda, tamthilia nyingine ya Brecht, ile ya Mama Courage, ilitafsiriwa kwa Kiganda na kuchezwa Kampala kwa jina la "Maama Nalukalala", ikielekezwa na Jessica Kaahwa. Nchi iliyojua vita haikuhitaji kuelezwa habari za mama anayefuata majeshi ili auze bidhaa huku watoto wake wakimalizika mmoja mmoja.

Mimi mwenyewe nimekutana na duara la chaki darasani. Mwaka jana tulipewa zoezi la kutafsiri onyesho la kesi kwa Kiswahili. Mwenzetu mmoja alipinga. Alisema, "Sisi hatujui Kijerumani. Tunatafsiri tafsiri ya Kiingereza. Na Kiswahili chenyewe si cha mama zetu. Tuna haki gani?" Swali lilinichoma. Nilipoanza kusoma Kiswahili, jirani yetu kijijini aliniuliza kama ninataka kujiunga na jeshi, kwa kuwa kwa wazee wengi wa kwetu Kiswahili ni lugha ya askari. Na nilipofika pwani mara ya kwanza, mwenye duka alinicheka kwa sababu ya ngeli nilizovuruga. Nyumbani lugha hii si yangu, na kwa wenyewe pia si yangu.

Hata hivyo tuliendelea. Tulibishana kama Azdak aitwe kadhi, jaji au hakimu. Tuliacha "kadhi", kwa sababu neno hilo lina mahakama yake na sheria yake. Tukachagua "hakimu". Lakini tulipofika kwenye neno "mama", Kiswahili kilitupa zawadi. Katika Kiingereza tulihitaji maelezo marefu. Katika Kiswahili, mama mzazi na mama mlezi wanasimama kila mmoja na jina lake, na kesi nzima iko katikati ya maneno hayo mawili. Tulichora duara kwenye sakafu ya saruji, na mwenzetu yule aliyepinga akacheza Grusha. Alipoachia mkono mara ya pili, darasa lilinyamaza. Hakuna aliyeuliza tena tuna haki gani.

Sisemi kwamba asili haina maana. Mfasiri anayetoka kwenye Kijerumani moja kwa moja ataona mengi ambayo sisi tuliyapoteza, na habari ya utangulizi uliokatwa inatufundisha kuwa macho. Mlezi mwema hamfichi mtoto jina la aliyemzaa. Ndiyo maana tulipomaliza onyesho la kesi, tulirudi na kutafsiri utangulizi pia, ingawa haukuwa sehemu ya zoezi. Bonde, mbuzi, maji na miti ya matunda vilieleweka haraka sana. Katika nchi zetu nani asiyejua ugomvi wa wafugaji na wakulima?

Kwa kuhitimisha, historia ya "Duara la Chaki la Kaukazi" inaonyesha kwamba tamthilia inaweza kuzaliwa kwa lugha moja na kutembea kwanza kwa lugha nyingine. Wanafunzi wa Northfield walimshika mtoto mkono wakati mzazi yuko mbali. Waingereza walimshonea nguo mpya zaidi ya mara moja. Wahindi walimfundisha ngoma. Wageorgia walimpa nchi aliyokuwa ameahidiwa kwa jina tu. Wapo waliomvuta kwa nguvu mpaka akaumia, na wapo waliojua wakati wa kuachia. Methali zetu mbili bado hazijapatana, na sidhani kama zitapatana. Lakini nikiulizwa tena Kiswahili ni cha nani, nitamwambia anayeuliza atazame ni nani anayekilisha.